Rangi Mpya Nyeusi Chini ya Pikapu

Fundi alitandika boksi la karatasi chini, akavua shati, akaingia uvunguni na nyundo ndogo mkononi. Dalali naye akawahi kuwasha gari ili tusikie dizeli inavyounguruma.

"Sikiliza hiyo, bosi. Haina moshi, haigongi. Hii bado ya moto."

"Zima," fundi akasema kutoka chini. "Nataka kusikia."

Dalali akazima shingo upande. Ndipo tukaisikia nyundo ikigonga chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima: ti, ti, ti, ikianzia usawa wa gurudumu la mbele na kurudi nyuma taratibu. Chuma kizima kina mlio mkavu, unaoita. Alipokaribia ekseli ya nyuma, pale springi inaposhikwa, mlio ukafa. Akarudia. Ukafa tena. Akageuza nyundo, akagonga kwa ncha.

Ncha ikaingia.

Hakukuwa na kishindo. Iliingia tu, na unga wa kahawia ukammwagikia fundi usoni. Dalali akainama, akatazama, akasema kwa utulivu wa mtu aliyezoea: "Hapo panachomeleka, mkuu. Kazi ya saa moja."

Mnunuzi alikuwa shemeji yangu, aliyetafuta pikapu ya kubebea samaki kutoka Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kwenda kwa wateja wake wa Tegeta na Bunju. Hakununua. Tukadhani yameisha.

Wiki kadhaa baadaye nikapita yadi ileile. Pikapu ilikuwapo, imeoshwa, matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha. Nikainama. Chini kote, mbele mpaka nyuma, peusi tii. Nilipopita tena siku nyingine haikuwapo.

Kuna mtu anayo sasa.

## Kilomita hazihesabu kutu

Habari za injini, gia, na kama usajili wa gari ni namba D au namba E, kila mnunuzi anazijua, sizirudii. Kilichonisumbua ni shaka ya upande wa pili. Pengine fundi wetu alikuwa anatia chumvi. Pikapu zenye kutu zimejaa barabarani, zinabeba matofali kila siku na hazikatiki. Ikiwa ni hatari kiasi hicho, mbona hatuzioni zimelala njiani?

Nilimpelekea hoja hiyo. Hakubishana. Akaniuliza tu kama nimewahi kuangalia chini ya pikapu zilizozeekea bara.

Nilipopata safari ya Dodoma nilijikuta nainama kwenye maegesho kama mwizi wa spea. Nikakuta pikapu kuukuu, ya kazi za miradi, kiti kimechanika, dashibodi imepasuka kwa jua, na dereva wake akaniambia kwa fahari kuwa injini imeshafunguliwa zaidi ya mara moja. Chasisi ilikuwa na vumbi jekundu tu. Ukilifuta kwa kidole unakutana na rangi ya kiwandani. Ilinunuliwa mpya, ikaishi sehemu kavu maisha yake yote. Ile ya yadini ilikuwa na kilomita chache kuliko hii kwa mbali sana.

Tangu hapo nimeacha kuuliza gari limetembea kiasi gani. Nauliza limelala wapi.

## Chumvi iliyovuka bahari

Uingereza, na sehemu za Japani zenye theluji kama Hokkaido na Tohoku, majira ya baridi humwaga chumvi barabarani ili barafu isigande. Matairi huirusha juu, nayo huingia kwenye matundu ya chasisi pamoja na tope, ikakaa. Pikapu nyingi zina chasisi ya sanduku, yaani mabati yaliyounganishwa yakaacha uwazi katikati. Matundu ya kutolea maji yapo, lakini yakizibwa na tope, sanduku linakuwa ghala la tope la chumvi. Kutu inaanzia ndani. Bati lenyewe ni la milimita chache tu, na linalotoboka nje limekuwa likiliwa kwa miaka bila mtu kuona.

Nilikuwa nikiamini kwamba gari likishafika kwenye joto letu, mambo ya theluji yamekwisha. Sivyo. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukifika karibu asilimia 75, na asubuhi nyingi za Dar es Salaam zinapita hapo. Kloridi ya kalsiamu, ambayo nayo humwagwa barabarani Japani, haihitaji unyevu mwingi kiasi hicho. Karibu asilimia 30 inaitosha. Kwa hiyo chumvi iliyojibana kwenye maungio inajilowesha yenyewe usiku, hata kama mvua haijanyesha mwezi mzima. Joto nalo linaharakisha kazi. Baridi ya kule, pamoja na ubaya wake wote, angalau ilikuwa inaipunguza mwendo.

Halafu kutu haikai mahali pake kwa adabu. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo ikizaliwa kati ya mabati mawili inayasukuma yaachane. Ukiona bati la chasisi limevimba pembeni ya maungio, jua ndani kuna presha hiyo.

Hapa niongeze jambo moja kuhusu "imetoka Japani". Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017, ikiwa inatengenezwa Thailand. Sasa mtu akikuonyesha Hilux ya 2010 na kuapa kuwa ni ya Japani, huenda hadanganyi kabisa, maana wapo wafanyabiashara wa Japani wanaouza nje magari ya kutoka nchi nyingine. Lakini gari hilo halikukulia huko. Muulize lilikotoka kwanza. Kama ni Uingereza, lala chini uikague chasisi. Kama ni Thailand, theluji hakuna, ila uliza habari za mafuriko. Yale ya 2011 yalizamisha maeneo mazima.

Shemeji alinisikiliza nikimweleza haya yote, kisha akanyamaza. Nilijua anawaza nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza.

Yeye mwenyewe anakwenda kununua gari la kumwagia chumvi kila alfajiri.

Maana samaki wa Feri wanapakiwa wakiwa wanachuruzika maji ya bahari, juu yao barafu, na barafu ikiyeyuka inashuka na chumvi yote kupitia matundu ya bodi, yaani sehemu ya mizigo, hadi juu ya chasisi, karibu na springi za nyuma. Palepale nyundo ilipozama. Hatukuwahi kujua ile pikapu ya yadini ilifanya kazi gani. Tulikimbilia kuilaumu chumvi ya ng'ambo.

## Walionunua mpya

Nilidhani hili ni balaa letu sisi wa mitumba. Kumbe Marekani liliwakuta walionunua mpya, tena kwa jina ambalo huku tunaliapia.

Mwaka 2008 Toyota ilirefusha dhamana ya kutu ya pikapu zake za Tacoma za 1995 hadi 2000 ikawa miaka 15, na zile zilizooza vibaya ikazinunua tena kutoka kwa wenyewe kwa mara moja na nusu ya bei ya soko. Mwaka uliofuata ikaziita zirudi kutengenezwa pikapu za Tundra za 2000 hadi 2003, karibu 110,000, katika majimbo ya baridi: kutu ilikuwa inakula kiungo cha nyuma cha chasisi, hata tairi la akiba likaweza kudondoka barabarani mbele ya gari linalofuata. Mwaka 2016 yakaja makubaliano ya kesi iliyogusa magari takriban milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia, kwa gharama iliyokadiriwa kufika karibu dola bilioni 3.4.

Uingereza nako Nissan Navara za toleo la D40 zilipata sifa mbaya kwa kukatika chasisi kati ya kabini na bodi. Picha zake ukiziona mara moja huzisahau: gari limepiga magoti katikati, pua juu na mkia juu.

Ila katika habari ya Toyota kilichonikamata zaidi ya mabilioni ni kipimo chao. Tundu la milimita 10 lililotobolewa na kutu lilitosha. Likiwa na ukubwa huo au zaidi, chasisi nzima ilikuwa inabadilishwa. Milimita 10 ni tundu ambalo ncha ya kidole cha mwisho inaliziba.

Nilimwambia shemeji. Akacheka kwa uchungu kidogo. "Kwa kipimo hicho Dar nzima tutatembea kwa miguu."

Kuna ukweli hapo. Hakuna kiwanda kitakachotuletea chasisi mpya. Sisi tuna fundi wa kuchomelea, jenereta na bati. Kwa hiyo swali langu likawa dogo na gumu zaidi: kiraka kinafaa lini?

## Ufa una njia zake

Kwanza nilihitaji kutenganisha vitu viwili ambavyo madalali huviweka kapu moja. Kutu ni chuma kuliwa. Ufa ni chuma kuchoka. Pikapu safi kabisa ya Dodoma inaweza kupata ufa bila hata doa la kutu, na hiyo ya Uingereza ikaoza bila ufa. Ila vikikutana, kutu inachimba vishimo vidogo, na ufa unapenda kuanzia kwenye kishimo.

Hauanzi popote tu. Unaanzia kwenye tundu la boliti, mwishoni mwa weldi, kwenye kona ya kishikio cha springi, pale boksi la usukani linapofungwa, na kwenye ile nafasi kati ya kabini na bodi ambapo chasisi inapinda zaidi. Kila ukipita tuta inapinda kidogo na kurudi. Mara moja si kitu, wala mara elfu.

Mzigo ndio unaoamua. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja, na pikapu nyingi za kazi uwezo wake uko hapohapo. Nani hapa nchini amewahi kuona pikapu inaacha duka la vifaa vya ujenzi na mifuko 20 tu? Mkia ukianza kukaa chini, tunaongeza majani ya springi. Gari linanyanyuka, tunafurahi, tunaongeza mzigo. Chasisi haijaongezwa chochote. Tumeondoa tu dalili iliyokuwa inatuonya.

Fundi alinifundisha kipimo kisichohitaji kifaa. Simama pembeni ya gari, tazama nafasi kati ya kabini na bodi. Juu na chini ziwe sawa. Ikiwa juu imebana na chini imepanuka, au kinyume chake, chasisi imepinda, hata kama mwenye gari atakuambia ndivyo zilivyo. Kisha pitisha tochi kwenye matundu ya boliti ukitafuta mstari mwembamba wa kahawia unaotoka tunduni na kutambaa juu ya rangi. Ufa ukifungukafunguka unapitisha maji, maji yanaleta kutu, na kutu inauchora.

Ni hapo rangi mpya inapokuwa adui. Inaufuta mchoro.

## Kiraka

Tulikwenda kwa fundi wa kuchomelea kuuliza tu, bila gari. Mzee wa makamo, mtulivu, ana kazi nyingi. Akasema chasisi yoyote inatengenezeka: unaweka bati nene juu ya palipooza, unazungushia weldi, biashara imekwisha. Akatuonyesha bati lenyewe. Lilikuwa nene mara mbili ya chasisi.

Fundi wetu alikuwa kimya wakati wote. Tulipotoka akasema, "Bati lile halitakatika kamwe." Nikamwambia basi si vizuri. Akatikisa kichwa.

Sikumwelewa mpaka nilipoliona gari lililovutwa hadi gereji yake. Kiraka kilikuwa kizima kabisa, kinene, weldi yake imara. Chasisi ilikuwa imekatika pembeni yake, wima, kufuata mstari wa weldi. Bati nene limekataa kupinda, kwa hiyo kupinda kote kumehamia kwenye ukingo wake, mahali ambapo joto la weldi lilikuwa limeshakibadilisha chuma na kutu ilikuwa imeshakipunguza. Fundi aliyelitengeneza hakuwa mwongo. Kazi yake ilidumu. Gari ndilo lililoshindwa.

Kiraka kinachofaa ni kazi nyingine, na inakula siku, si saa. Chuma kilichooza kinakatwa hadi kufikia chuma kizima. Bati linalowekwa linalingana na la mwanzo kwa unene. Ncha zake zinachongwa kwa mshazari, ili weldi isiikate chasisi kwa mstari mmoja wima. Kama ni ufa, unatoboa kitundu kwenye ncha yake kwanza, la sivyo unauchomelea mbele na wenyewe unaendelea nyuma ya pazia. Waya wa betri unatolewa, bomba la mafuta na la breki yanasogezwa. Ndani ya sanduku, baada ya kupoa, inapulizwa nta au mafuta mazito, kwa sababu weldi imeshaunguza rangi ya ndani na hakuna atakayeiona tena.

Wakaguzi wa Uingereza wana kanuni ninayoipenda. Kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka mahali springi, usukani au breki zinaposhikwa, gari limeanguka ukaguzi, na likichomelewa weldi iwe ya mfululizo, sio ya nukta nukta. Maana yake kutu zote hazina uzito mmoja. Tundu katikati ya reli tupu, ile boriti ndefu ya chasisi, ni tatizo. Tundu lililo jirani na kishikio cha springi ni sababu ya kurudi nyumbani na hela yako.

Na kuna suala la namba. Pikapu nyingi namba ya chasisi imegongwa kwenye reli yenyewe, karibu na gurudumu la mbele. Kutu ikiila, au fundi akiipitia na grainda, siku ya kukaguliwa au kuhamisha umiliki utakuwa na maelezo mengi ya kutoa.

## Kuhusu rangi yenyewe

Si kila weusi ni ulaghai. Chasisi hutoka kiwandani nyeusi, na mwenye gari makini huipaka kinga. Hata oili chafu wanayopaka wazee wetu inasaidia, ikiwekwa kwenye chuma kisafi na kikavu. Ikiwekwa juu ya kutu mbichi yenye chumvi, inafunika tu.

Tofauti ninaitafuta pembeni. Mtu anayepaka ili kulinda hufunika mipira na mabomba. Anayepaka ili kuuza hupuliza vyote: bushi za mpira nyeusi, bomba la breki jeusi, ekzosi nyeusi, tope lililokauka nalo limepakwa. Nikiona ekzosi imepakwa rangi ya chasisi sihitaji nyundo.

Ningependa kununua kutu ninayoiona. Naweza kuipima, kuigonga, kuibishania bei. Dalali mmoja aliniambia wateja wanakimbia gari lenye kutu, ndiyo maana wanapaka, na kwamba sisi wanunuzi ndio tunaotaka kudanganywa. Nilikasirika. Bado sijapata jibu zuri la kumpa.

Karatasi zinasema zaidi ya rangi. Karatasi ya mnada ya Japani ina mchoro wa gari na herufi: S ni kutu, C ni kutu iliyokula chuma, na pembeni mkaguzi huandika kwa Kijapani maoni yake kuhusu hali ya chini. Wengi wetu tunasoma gredi tu, 4 au 3.5, tunafunga. Kwa gari la Uingereza mambo ni rahisi zaidi: ukiwa na namba yake ya usajili ya zamani, tovuti ya serikali yao inakuonyesha bure majibu ya ukaguzi wa kila mwaka, MOT, pamoja na maonyo ya kutu na mwaka yalipoanza. Nimekuwa nikiwaomba wauzaji namba hiyo. Wengi wananyamaza. Mmoja aliniuliza kama mimi ni polisi.

## Pikapu ya shemeji

Alinunua ya kabini moja kutoka bara, kuukuu, injini inakula oili waziwazi. Madalali waliicheka. Nyundo ilipita chini yote ikiita, na ufa haukuonekana. Injini imefunguliwa, na anajua bei ya kila kilichobadilishwa kwa sababu risiti ni zake.

Kazi ngumu imekuwa bodi. Samaki sasa wanakaa kwenye matangi ya plastiki, na maji yanatoka kwa mpira unaomwaga nyuma kabisa, nje ya chasisi. Kila akirudi anapiga maji yasiyo na chumvi chini, hasa juu ya springi. Majirani wanadhani anapenda gari sana.

Juzi fundi wa bodi alitaka kuchomelea miguu ya fremu ya matangi moja kwa moja kwenye reli za chasisi. Alisema ndivyo anavyofanya kwa wote na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Shemeji akakataa, akataka ifungwe kwa yubolti, boliti zilizopinda kama U, na mpira katikati, reli zisitobolewe wala zisiguswe na moto. Walibishana mpaka adhuhuri. Fundi akafunga yubolti, akaongeza bei, na akatuambia tukitaka kuchomelea baadaye tusirudi kwake.